Njia ya Irente: Akina Mama, Mlima na Mizani

Ukifika Mombo, katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, unaiacha nchi ya joto na ya mashamba ya mkonge na kuanza kuipanda milima ya Usambara. Barabara ni ya lami, nyembamba, imekatwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde. Kila baada ya kona kuna kona nyingine, na abiria wasiozoea hufumba macho na kuomba. Ukifika Soni unayaona maporomoko ya maji karibu na barabara, hewa inabadilika, na akina mama wanaanza kujifunika kanga mabegani. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 33.

Mji wenyewe uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa ubaridi wake, wakauita Wilhelmstal. Sokoni utakuta karoti, kabichi, njegere, pilipili hoho, viazi, peasi na matunda damu. Mboga nyingi tunazonunua kwa bei kubwa Dar es Salaam zimeteremka mlima huu usiku, juu ya malori.

Tulikwenda akina mama 22 wa usharika wetu, kwa mkutano wa sala wa siku tatu. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, niliombwa nitoe somo la afya, nami nikatayarisha maneno ya presha na kisukari. Lakini jioni ya kwanza, baada ya chakula, mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Mama muuguzi, hivi huu mwili tuufanyeje? Tukinenepa tunachekwa, tukikonda tunasemwa." Kikao kikawa kimya, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja. Somo langu nililolitayarisha likabaki kwenye daftari.

Kesho yake asubuhi tulipanga kutembea hadi Irente, mahali palipo na mwamba unaotazama bonde. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini. Yale tuliyoyasema njiani ndiyo ninayotaka kukushirikisha, mpenzi msomaji.

Mama aliyetaka kubaki na mikoba

Kabla hatujaondoka, mama mmoja wa makamo, mwimbaji hodari wa kwaya yetu, alikaa kwenye benchi akasema, "Nendeni, wapendwa. Mimi nitawalindia mikoba." Ni mama mnene, magoti yanamsumbua, na nilijua ana presha. Nilikaa kando yake. Nilimwuliza lini alipima presha mara ya mwisho. Alisema ni zaidi ya mwaka.

Sababu yake ilinisikitisha. Katika kituo kimoja cha afya, alipopanda kwenye mizani, mtumishi alisema kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kwamba mizani ile ni ya watu, si ya magunia. Watu walicheka. Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuenda tena. Dawa zilipokwisha hakuchukua nyingine.

Ndugu zangu, wapo wanaodhani kumwaibisha mtu mnene ni kumsaidia. Mimi katika kazi yangu sijaona mtu aliyepona kwa kuchekwa. Nimeona watu waliokimbia kliniki, wakarudi wakiwa wamebebwa na ndugu zao, mkono mmoja na mguu mmoja vimekufa ganzi kwa kiharusi. Presha haina maumivu ya kumkumbusha mtu. Mwenye presha anayeogopa mizani yuko katika hatari kubwa kuliko mnene mwenzake anayekuja kila mwezi kuchukua dawa.

Nilimwambia, "Dada, hatuendi kushindana. Twende mpaka pale utakapochoka, na nitakaa nawe hapo." Akainuka.

Bibi wa kuni

Mbele kidogo tulikutana na bibi wa Kisambaa akishuka na mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba na kuuliza tunakwenda wapi. "Kutembea tu, bibi, kutazama bonde." Akashangaa: "Mnatembea bila mzigo?" Kijana mmoja katika kundi letu akamweleza kuwa tunatafuta kupungua. Bibi alicheka mpaka kuni zikatikisika. "Basi mniombee mimi ninenepe," akasema. "Nikipungua zaidi nitachukuliwa na upepo."

Tulicheka naye, lakini maneno yake yalikuwa somo. Sisi wa mjini huwatazama akina mama wa milimani na kusifu wembamba wao. Wembamba ule wengine wameupata kwa mizigo, kwa jembe, na pengine kwa chakula kisichotosha. Mgongo unauma, magoti yanauma, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Kwa hiyo wembamba peke yake si afya, kama vile unene peke yake si utajiri.

Hapa petu mambo haya mawili yamechanganyika. Utafiti wa Tanzania wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi, wakati wapatao 10 walikuwa wembamba mno. Katika mtaa mmoja, na hata katika nyumba moja, unaweza kuwakuta wote wawili.

Kwa nini tunaogopa kukonda

Binti mmoja katika kundi letu, mwenye umri wa miaka 30 hivi, alisema mwaka uliopita alipunguza kilo tisa kwa kuacha soda na kutembea. Badala ya pongezi alipata minong'ono. Jirani alimwuliza kama "anajua hali yake". Mama mkwe alimwuliza mwanawe kama mke wake anaumwa. Binti akaona heri arudie maandazi ili watu wanyamaze.

Hofu hii ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule kwa jina lenye maana ya wembamba. Kwa miaka mingi tulizika watu waliokuwa wamekonda. Macho yetu yakajifunza kwamba kukonda ni kufa na kunenepa ni kupona. Lakini dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na leo anayezitumia vizuri huwezi kumtambua kwa umbo lake. Ni kweli kwamba mtu anayekonda bila sababu anayoijua lazima aende hospitali, kwani kifua kikuu, kisukari na maradhi mengine huanza hivyo. Lakini aliyekonda kwa juhudi yake mwenyewe anastahili pongezi, wala si uchunguzi wa majirani.

Vidonge, chai na kufunga

Alikuwepo pia mchumba wa mtu, ambaye harusi yake ilikuwa imebaki miezi miwili. Gauni lilikwisha kununuliwa, nalo lilikuwa dogo. Alikuwa anakunywa majani ya chai ya kupunguza tumbo aliyouziwa kwenye kicheni pati, bila karatasi ya maelezo. Nilimwomba aache, na sababu nilizompa ni hizi. Chai nyingi za namna ile zina dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka, mafuta yanabaki palepale. Nyingine zimepatikana zimechanganywa kwa siri na dawa kali. Moja ya dawa hizo, sibutramini, iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Zipo leo sindano za kupunguza uzito zilizothibitishwa kitabibu, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa, si za kununuliwa mkononi mwa rafiki.

Akauliza, "Je, nikifunga?" Nilimjibu kwamba kufunga ni ibada, na tusimpe Mungu sala huku jicho likiwa kwenye gauni. Na yeyote anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Gauni lingeweza kuongezwa kitambaa ubavuni. Fundi wa Lushoto alifanya kazi hiyo siku iliyofuata.

Hesabu kidogo

Tulipopumzika kwenye shamba la Irente, ambalo ni la Kanisa la Kilutheri na hutengeneza mkate, jamu na jibini, akina mama waliniomba hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa meta 1.60 anapata 31. Kati ya 18.5 na 25 ni sawa, kutoka 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. Hata hivyo futi ya fundi cherehani nayo inasema mengi: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimeta 80 hatari inaanza, na kikizidi 88 hatari ni kubwa.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mwembamba ili upate faida. Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 100 ni kilo saba. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano.

Na jikoni tuseme kweli. Chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12 vya sukari, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidi kiasi kama hicho kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye nusu yake. Chupa ya soda ya mililita 300 ina vijiko vipatavyo vinane. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, nasi humimina bila kupima. Usiache ugali, upunguze, ujaze mboga nusu ya sahani. Hilo halihitaji fedha za saluni.

Hamu na sababu

Wengi huuliza wapate wapi hamu ya kuendelea. Maoni yangu ni kwamba hamu haitegemewi. Hamu ya harusi huisha na harusi. Anayetembea kwa kuuchukia mwili wake huchoka mapema, kwa maana nani ataamka alfajiri kumhudumia adui? Lakini anayetembea ili aweze kupanda ngazi za kanisa bila kuhema, ama ili amlee mjukuu, ana sababu inayomngoja kila siku. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Hekalu hufagiliwa kwa sababu ni takatifu tayari, wala hatungoji liwe zuri ndipo tuliheshimu.

Mama wa kwaya hakufika mwambani. Alichoka shambani, nikabaki naye kama nilivyoahidi, tukala mkate na jibini huku wenzetu wakienda. Walirudi wakisimulia jinsi mwamba ule unavyoning'inia juu ya Mazinde, na nyika inavyoenea chini mpaka macho yanakoma. Jioni ile, katika chumba chenye mlango uliofungwa, nilimpima presha. Ilikuwa 178 kwa 106. Jumatatu tuliyorudi tulikwenda kliniki pamoja akaanzishiwa dawa tena. Miezi minne baadaye alikuwa amepungua kilo nne, bado ni mama mnene, na presha yake ilikuwa 138 kwa 86.

Usharikani sasa mizani yetu iko nyuma ya pazia, na anayepima haandiki mbele ya mwingine. Jumanne na Alhamisi tunatembea saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa aliye mwisho. Akina mama wa sharika nyingine, jaribuni hivyo. Na mkipata nafasi ya kupanda Lushoto, chukueni sweta na viatu vya kutembelea, na mwenzenu akisema atabaki na mikoba, mwulizeni kwanza alipima presha lini. Bwana awalinde.