Barua kutoka Birmingham: Ruzuku ya malezi apewe nani Kariakoo?

Ndugu zangu wa Kariakoo na Ilala nzima,

Huku Uingereza, wazazi wenye watoto wadogo wakikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye saa za bure. Serikali hulipia malezi ya mtoto kituoni, na tangu Septemba 2025 mtoto wa miezi tisa katika England anaweza kulipiwa saa 30 kwa wiki, katika majuma 38 ya mwaka, iwapo wazazi wake wanafanya kazi. Mtu akiusikia mpango huu akiwa Dar anaweza kudhani shida ya akina mama wa huku imekwisha. Ukiusoma kipengele kwa kipengele, unaona kwamba jambo la kujifunza si wingi wa fedha bali vigezo: nani anahesabiwa kuwa anastahili, na athibitishe kwa karatasi gani. Siku serikali yetu itakapoamua kuchangia malezi ya watoto wa wachuuzi wa katikati ya jiji, naomba isianze kwa kutafuta kaya maskini. Ianze kwa kuuliza mtoto anashinda wapi mchana.

Tazameni ilivyokuwa huku. Mwaka 2013 watoto wa miaka miwili kutoka familia duni walianza kupewa saa 15 kwa wiki, kwa kuangalia misaada ambayo wazazi wanapokea na kipato chao. Saa 30 zilizokuja baadaye zina masharti mengine kabisa: kila mzazi awe anapata angalau kipato cha saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, na asivuke pauni 100,000 kwa mwaka. Hivyo mume na mke wenye pauni 90,000 kila mmoja wanalipiwa saa 30 za kichanga chao, na mama anayefanya usafi saa kumi kwa wiki hapati saa hata moja mpaka mtoto afikishe miaka miwili, kisha, misaada na kipato chake vikikidhi masharti, anaambulia 15. Wenzetu waliokuja kutunza wazee kwa viza isiyowaruhusu kugusa fedha za umma wanakatwa kodi kila mwezi, lakini kama wazazi wote wawili wana viza ya namna hiyo, saa 30 haziwahusu. Hata anayestahili hupewa namba ya tarakimu 11, na kila baada ya miezi mitatu lazima aingie mtandaoni kuthibitisha kwamba bado anastahili. Mwenye mshahara wa kudumu humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Anayejikwaa ni yule ambaye saa zake za kazi hupanda na kushuka, na akipitwa na tarehe huenda mtoto akasubiri muhula mwingine. Sidhani kuna aliyekaa akapanga kuwatenga maskini. Walitengwa na karatasi.

Sasa pelekeni karatasi hizo Mtaa wa Kongo. Mama lishe hana hati ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Mchuuzi hana mwajiri wa kumdai hata dakika moja. Kinachomkaribia ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza 2012. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa wakazi, kisha dodoso hupima hali ya nyumba na mali. Kwa kijijini utaratibu huo una mantiki. Lakini mkazi huhesabiwa anapolala, na Kariakoo hujazwa mchana na watu wanaolala Mbagala, Gongo la Mboto na Vingunguti. Tena mpangaji wa chumba kimoja Vingunguti ana paa la bati, sakafu ya saruji na simu mkononi. Kukosa mtu wa kumwachia mtoto hakuonekani kwenye sakafu. Kunaonekana saa tano asubuhi chini ya meza ya mitumba Mchikichini, mtoto amelazwa juu ya boksi lililokunjuliwa, mkokoteni ukipita karibu na miguu yake. Au pembeni ya jiko la mkaa, sufuria ya mafuta ikiwa usawa wa uso wake.

Kumtambua mama kwa kazi yake si jambo geni kwetu. Desemba 2018 serikali ilianza kuwagawia wamachinga vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 na kujengwa upya, orodha ya wafanyabiashara waliokuwamo kabla ya moto ilihakikiwa ili warudi. Ikiwa majina yanapatikana kwa ajili ya kutoza na kugawa vizimba, yatapatikana pia kwa ajili ya mtoto. Kigezo kiwe chepesi: mzazi au mlezi anafanya biashara au kazi ya kutwa ndani ya eneo la soko, na mtoto hajafikia umri wa darasa la awali, ambako elimu bila ada imekuwapo tangu 2016. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtambua mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, kwa hiyo sera ya kuegemea ipo.

Mtauliza kama faida yake imewahi kupimwa mahali panapofanana na kwetu. Imepimwa Korogocho, Nairobi: akina mama waliopewa vocha za kulipia kituo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia, na wale wanaolea peke yao walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka.

Kuna atakayesema tajiri mwenye maduka matatu Msimbazi atajipenyeza. Mwacheni ajipenyeze, kama yupo. Mtoto wake yuko nyumbani na dada wa kazi au anapandishwa basi la shule ya kulipia. Hatamleta kwenye kituo cha kawaida kilicho jirani na soko la shimoni. Wachache watakaopenya watagharimu kidogo kuliko jeshi la wahakiki wa kupekua umaskini wa kila mmoja. Pingamizi kwamba malezi ni kazi ya familia nalipa uzito zaidi, kwa sababu lina heshima ndani yake. Ila bibi yuko kijijini, au naye anauza ndizi Buguruni, na yule binti anayeletwa kutoka mkoani kushika mtoto mara nyingi ni mtoto mwenyewe ambaye alipaswa kuwa darasani. Familia inayotajwa hapo ni yeye.

Fedha ndilo swali gumu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, na nisingependa iguswe. Lakini mama anayefunga meza saa sita mchana kwa kuwa mtoto ana homa hurejesha mkopo huo kwa kula mtaji. Sehemu ya ushuru wa soko ingeweza kulipa walezi na uji, na mzazi naye achangie kidogo kwa siku, si kwa mwezi, kwa kuwa kipato chake ni cha siku. Vituo vya uani visivyosajiliwa visifungwe kwa operesheni. Ruzuku iwe njia ya kuvifikisha kwenye masharti ya Sheria ya Mtoto ya 2009, afisa ustawi wa jamii akikagua.

Na jambo moja ambalo huku wamelikosea wazi: vituo vingi hufuata saa za ofisi. Mzigo wa mboga hushushwa sokoni alfajiri, na mwaka 2025 Kariakoo ilitangazwa kuwa eneo la biashara kwa saa 24. Kituo cha kufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa kitakuwa kimeshamwondoa mama wa mchicha kwenye orodha kabla fomu haijachapishwa.