Mpira wa Maji Kwenye Bomba la Dizeli: Siku Nne za Tabora

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki sehemu moja kati ya 20 au hata chini ya hapo. Kwa kubanwa hivyo, hewa hupata joto la zaidi ya nyuzi 500. Dizeli inapopigwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini ya namna hii, hata ikizeeka vipi, inadai vitu vitatu: dizeli safi isiyochanganyika na upepo, hewa ya kutosha, na mbano mzuri. Kikikosekana kimoja, gari hukosa nguvu au hukataa kuwaka kabisa, na kazi ya mwenye gari ni kujua kipi kimekosekana kabla hajashika spana.

Gari linalozungumziwa hapa ni Land Cruiser ya mwaka 1994 yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, bila tabo. Pampu yake ya dizeli huvuta mafuta yenyewe kutoka kwenye tangi, kupitia filta yenye kipampu cha mkono juu yake. Mwenye gari, ambaye ndiye mwandishi wa simulizi hii, alikuwa analipeleka kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kufuata njia ya misafara ya kale, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Morogoro, Dodoma na Manyoni zilipita kwa siku mbili bila jambo la kusimulia. Tabora, palipokusudiwa kulala usiku mmoja, ilichukua siku nne.

Dalili ya kwanza ilionekana baada ya Itigi, kati ya Chaya na Nyahua, porini penye miombo. Gari lilikata nguvu kwenye mwinuko mdogo, likatetemeka, likazima. Baada ya kupumzika nusu saa liliwaka na kwenda vizuri kilomita 30, kisha likarudia. Liliingia Tabora jioni likitembea kwa mwendo wa baiskeli. Asubuhi yake, chini ya miembe, lilipigwa stata mpaka betri ikachoka.

Fundi wa gereji ya kwanza alifungua boneti, akasikiliza stata mara mbili, akafuta mikono. "Pampu imekufa, bosi. Ishuke, ipelekwe Mwanza ikapimwe pamoja na nozeli zote sita." Hakuuliza swali lolote. Gharama aliyoitaja ilitosha kumaliza safari nzima. Mwandishi alikasirika, akaona ameonwa mgeni, akalivuta gari hadi uwanja wa nyumba ya wageni na kuapa kulitengeneza mwenyewe. Siku ya pili yote ilipotea kwa hasira hiyo: filta mpya ilifungwa, teminali za betri zikasuguliwa, gari likawaka, na baada ya kuzunguka mitaa miwili likazima tena.

Siku ya tatu asubuhi, kwenye benchi la nyumba hiyo, aliketi mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi aliendesha malori ya tumbaku kutoka Urambo. Mazungumzo naye ndiyo sababu ya simulizi hii kuandikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana nakuona umelala juu ya injini. Inasemaje?"

"Fundi anasema pampu imekufa."

"Huyo ni fundi amesema. Gari lenyewe limesema nini?"

Mwandishi akaeleza: kwenye kilima linakata nguvu, likipumzika linapona, asubuhi linasumbua kuwaka.

"Ukipiga stata asubuhi, moshi unatoka?"

"Hautoki hata kidogo. Likishika ndiyo unatoka mweupe, halafu unapotea."

"Basi dizeli haifiki. Pampu iliyokufa haiponi kwa kupumzika, mwanangu. Gari lako linavuta upepo."

"Lakini nimelala chini yake nikamulika kwa tochi, mzee. Hakuna tone."

Mzee alimnyooshea kidole mtoto aliyekuwa dukani ng'ambo ya barabara, akinywa soda kwa mrija. "Mrija ule ukipasuka katikati, soda itamwagika?"

"Hapana. Atavuta hewa."

"Ndivyo. Bomba la kwenda lina njaa, halimwagi kitu. Linakula upepo kimya kimya."

Katika maneno hayo limo somo zima la dizeli kwenye magari ya aina hii. Kuanzia tangi hadi pampu, mafuta huvutwa. Kuanzia pampu hadi nozeli, husukumwa. Tundu kwenye upande wa kusukumwa huonekana, kwa kuwa dizeli hutoka na kulowesha injini. Tundu kwenye upande wa kuvutwa huenda lisionekane hata kidogo. Injini inapofanya kazi, hewa huingia na kukata mtiririko. Gari likilala, dizeli iliyo bombani hurudi tangini polepole, ndiyo maana asubuhi stata huzunguka bila moshi. Likipumzika kidogo njiani, mapovu hupanda na kujitenga, na gari huonekana limepona.

Moshi nao una lugha yake. Usipotoka kabisa wakati wa stata, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika ila hayawaki: huenda plagi za kupasha joto zimekufa, mbano umechoka, au pampu imefungwa nje ya majira yake. Moshi mweusi huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa, na kitu cha kwanza kukagua ni filta ya hewa, hasa baada ya barabara ya vumbi; baada yake ni nozeli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Kwa gari lisilotoa moshi, kazi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza hubonyezwa kipampu cha mkono juu ya filta. Kikiwa kigumu baada ya kubonyezwa mara kadhaa na kubaki kigumu, mabomba yamejaa. Kikibaki laini, au kikilegea baada ya muda mfupi, upepo unaingia mahali. Pili, tangi huachwa pembeni: mpira wa kuingia kwenye filta hufunguliwa, na mpira mwingine safi huunganishwa hapo na kutumbukizwa kwenye dumu la dizeli safi lililowekwa juu kuliko filta, mbali na belti na ekzosi. Gari likienda vizuri kwa dumu, pampu ni nzima na ubaya uko nyuma, kati ya filta na tangi. Likiendelea kuzima, ubaya uko mbele. Tatu, mpira unaopitisha mwanga hufungwa kwa muda kabla ya pampu, na mapovu yanayopita humo huhesabika kwa macho.

Mzee alisimamia hatua hizo bila kugusa spana. Kwa dumu, injini iliunguruma nusu saa nzima bila kutetereka. Ilipodhihirika kuwa pampu ni nzima, aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa na mtu yeyote.

"Nyuma huko, kwenye tangi, kuna kitu kiliwahi kubadilishwa?"

Kilikuwepo. Mwaka mmoja kabla ya safari, mwandishi alibadilisha mwenyewe kipande cha mpira kinachounga bomba la chuma na tangi. Mpira wa dizeli haukupatikana siku hiyo, akafunga mpira wa maji.

"Na fundi ulimwambia?"

"Sikumwambia, mzee."

"Mgonjwa anafika kwa daktari amefunga mdomo, halafu analalamika amepewa dawa siyo." Hakusema kwa ukali. "Yule kijana hakukuibia. Huku watu wananunua mafuta ya madumu yenye maji, pampu zinaliwa na kutu, kila siku anashusha moja. Ameona gari haliwaki, amekwenda na alichozoea. Kosa lake ni kutouliza. Lako ni kutosema."

Hapo hasira ya siku mbili ilipoteza mguu wa kusimamia.

Kipande chenyewe kilikuwa juu ya tangi, mahali ambapo mkono huingia kwa shida. Kilipofutwa kilionyesha vumbi jekundu lililogandamana upande mmoja tu, kwa sababu gari lilipolala unyevunyevu kidogo wa dizeli ulijipenyeza na kulishika. Chini ya vumbi hilo mpira ulikuwa umepasuka mistari mifupi kama magaga ya kisigino. Ulipokunjwa kwa vidole, mistari ilifumbuka. Mpira wa maji haukutengenezwa kukaa na dizeli: kwanza hulegea na kuvimba, kisha hukauka na kupasuka, na klipu ikikazwa zaidi hukata zaidi.

Fundi yule wa kwanza aliitwa, naye akaja mwenyewe na mita moja ya mpira halisi wa dizeli pamoja na klipu mbili mpya. Alieleza kwa nini alishuku pampu, akasikiliza habari za mpira wa maji, na kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa watu watatu. Baada ya kufunga, upepo ulitolewa: kipampu cha mkono kilibonyezwa mpaka kikawa kigumu, nati za mabomba kwenye nozeli zikalegezwa kwa spana ya namba 17, stata ikapigwa kwa vipindi vifupi ili isiungue, na kila nati ikakazwa pale dizeli ilipotoka bila mapovu. Katika hatua hii uso na mikono huwekwa mbali. Dizeli inayotoka kwa shinikizo la pampu inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kukimbiziwa hospitali.

Matengenezo hayajaisha mpaka gari lijaribiwe karibu. Misafara ya karne ya 19 iliijua kanuni hiyo. Siku ya kwanza mwendo ulikuwa mfupi, kambi ikapigwa si mbali na mahali pa kuanzia, ili kilichosahauliwa kifuatwe na mzigo uliofungwa vibaya ufungwe upya. Tabora yenyewe, ambayo wakati huo sehemu yake ilijulikana kama Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha kurekebisha safari. Wasafiri wa Uingereza Burton na Speke, waliofika Novemba 1857, walikaa hapo wiki kadhaa kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Wapagazi walioajiriwa pwani walimaliza mkataba wao hapo, na wengine wakaajiriwa kuendelea.

Jaribio la gari lilikuwa hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la udongo mwekundu ambalo sasa ni makumbusho. Mmisionari Livingstone na mwanahabari Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani Machi. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia, na hakuondoka mpaka Agosti, miezi mitano baadaye. Mbele ya tembe hilo gari lilizimwa, likaachwa lipoe saa mbili, likawashwa. Liliitika mara ya kwanza. Asubuhi ya siku iliyofuata, baada ya kulala usiku kucha, liliitika tena.

Urambo, Kaliua, Uvinza na Kigoma zilipita kwa siku mbili, na Ujiji ikafikiwa bila gari kuzima hata mara moja.

Kwa anayesafiri na dizeli kuukuu, mzigo wa lazima ni mdogo: mita mbili za mpira wa dizeli, mrija unaopitisha mwanga, klipu sita, filta moja ya akiba, spana ya namba 17, bisibisi, na dumu safi ambalo halijawahi kubeba maji. Juu ya hivyo kiwepo kidaftari cha kuandika kila kilichobadilishwa, tarehe yake, na kama kilikuwa kifaa chenyewe au cha kuazima. Fundi apewe kidaftari hicho kabla ya ufunguo wa gari. Na mwenye gari aliyefunga mpira wa maji mahali pa mpira wa dizeli aseme mapema, kwa sababu pampu nyingi hushushwa bure, nazo zingebaki mahali pake kwa sentensi moja ya kweli.