Diyarbakır, Mji wa Mawe Meusi

Kwenye ramani ya Uturuki unaitwa Diyarbakır. Wakurdi wenyewe huuita Amed. Upo kusini-mashariki, juu ya Mto Tigris, na mji wake wa kale, Sur, umezungukwa na kuta za mawe meusi ya volkano zenye urefu unaokaribia kilomita 6. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika Urithi wa Dunia, pamoja na bustani za Hevsel zinazoteremka hadi mtoni. Kusini kidogo kuna daraja la matao kumi lililojengwa mwaka 1065, zama za Wamarwani, ukoo wa watawala wa Kikurdi. Wakurdi si wageni hapa.

Mtu wa Lamu au Unguja akiingia Msikiti Mkuu, Ulu Cami, atakuta jambo analolijua. Waturuki wengi ni Wahanafi, lakini Wakurdi wengi ni Washafii kama Waislamu wa pwani yetu, na msikiti huo umetenga upande wa kusalia kwa kila madhehebu, wote wakichangia ua mmoja.

Lakini fahari ya mji huu ni sauti. Katika nyumba ya zamani ndani ya Sur hukutana wale waitwao dengbêj, manju wa Kikurdi. Wazee huketi wakiegemea ukuta, chai mbele yao katika bilauri ndogo. Mmoja hufumba macho, akaanza. Hakuna ngoma wala zumari, ni koo tupu: mapenzi yaliyokatizwa, vita vya koo, waliofukuzwa makwao. Wenzake humwitikia kwa kuguna, naye huivuta sauti mpaka pumzi imwishie.

Kwa njia hiyo Kikurdi kilivuka miaka ya 1983 hadi 1991, sheria ilipokataza kukichapa na kukitangaza. Kilivuka pia mapigano ya 2015 na 2016 kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji wa Kikurdi, yaliyoacha mitaa mizima ya Sur ikiwa vifusi.

Tangu 2012 watoto wanaweza kukichagua shuleni kama somo la hiari. Ni hatua njema, lakini haitoshi kwa lugha ya mamilioni ya raia. Basi ukijaliwa kufika Uturuki, usiishie Istanbul. Nenda Diyarbakır, kaa na wazee wale, usikilize. Taifa linaloziheshimu lugha zake zote halipungukiwi kitu.