Kafi la Pili

Mwanamume akitia fora mara moja mbele ya mchumba wake, hujihesabu fundi maisha yake yote. Mimi fora yangu niliitia kwenye bwawa la Uhuru Park, pale Nairobi, mwaka wa 1994. Siku za Jumapili ulilipa pesa kidogo, ukapewa mashua yenye makasia mawili, ukamketisha mwenzako mbele yako na kumzungusha huku wapiga picha wakiwangoja ukingoni. Bwawa lenyewe ni dogo, hata bata hawezi kupotea ndani yake. Lakini picha ninayo hadi leo, na humo nimetunisha kifua kama nahodha wa meli ya kwenda Bombay.

Kwa hivyo Agosti ya 2023, shule zilipofungwa na tukawa nyumbani kwa wakwe zangu Migori, kitinda mimba wetu aliponiuliza kama najua kuendesha mashua, sikujibu kwa maneno. Nilimwonyesha picha.

Tulikuwa tumeingia kwa njia ya Kisumu na Kendu Bay, tukasimama kidogo kwenye Ziwa Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la maji ya magadi, la mviringo, limetulia kama sahani iliyosahauliwa nje. Nikawasimulia watoto hadithi yake: jinsi bibi kizee alivyofika kijijini usiku watu wakila na kunywa, akaomba mahali pa kulala, wakamfukuza isipokuwa mwanamke mmoja, na jinsi mvua ilivyomwagika usiku huo huo, kijiji kizima kikazama. Niliisimulia vizuri sana, nadhani. Mwanangu alitaka tu kujua kama hapo kuna mashua.

Ndipo nikaahidi Homa Bay.

Asubuhi ya safari mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa desturi yetu Waluo, mkwe na mama mkwe wake hawasemeshani ovyo wala hawakodoleani macho. Ujumbe hupitia kwa mtu wa tatu. Mama huyu alizaliwa Muhuru, kule karibu na mpaka wa Tanzania, ambako ziwa liko mlangoni. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha kunifikia sebuleni: "Mwambie baba watoto ziwa ni la asubuhi. Saa sita ikipita huwa la upepo."

Nilisikia. Nikamaliza chai yangu polepole.

Tulichelewa kutoka, tukachelewa tena Awendo kwa sababu ya miwa, na Rongo kwa sababu ya matatu iliyosubiri kujaa. Ilipofika saa tano na nusu ndio kwanza tunashuka Homa Bay. Sikujuta, maana mahali pale panapendeza. Nyuma ya mji umesimama mlima Asego, umechongoka kama kofia ya mganga. Ng'ambo ya ghuba ndio Mlima Homa wenyewe, mita 1,751, wa rangi ya buluu kwa mbali. Watu husahau kwamba Ziwa Victoria ni ziwa la nyanda za juu: maji unayoyaona pale yako zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari ya Mombasa. Kati ya ukubwa wake wa kilomita mraba 68,000 hivi, Kenya ina asilimia sita tu. Lakini ukisimama ufuoni hiyo sita inatosha kukutisha.

Hapakuwa na kibanda cha tikiti kama Uhuru Park. Palikuwa na mashua za wavuvi, ndefu, za mbao, zilizochongoka mbele na kupakwa rangi, na kijana mmoja aliyekuwa akiziba nyufa za yake kwa pamba. Baadaye nilikuja kujua kwamba haikuwa yake. Alikuwa na tajiri wake mjini aliyechukua fungu lake kila siku, samaki wapatikane wasipatikane. Aliniambia safari ya saa mbili ni shilingi elfu mbili.

Mimi ni mtu wa Nairobi. Nilicheka, nikageuka kama anayeondoka, nikarudi, nikataja mia nane. Tukavutana. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya mkoba wake chini ya mti, akitutazama. Tulipofika elfu moja kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mzee. Lakini kwa hiyo elfu nitakuja peke yangu. Mwenzangu hawezi kuja bure."

Nikaona hilo ni jambo lao wenyewe. Akaniuliza kama nataka makoti ya kuokolea. Jirani yake anayo, shilingi mia moja kila moja. Tulikuwa watatu wa kupanda, mimi, binti yangu na mdogo wake. Nikauliza: tunakwenda Uganda? Akacheka kwa adabu. Mke wangu hakucheka. Alisema yeye atabaki kutunza mizigo.

Ile saa ya kwanza sitaisahau kwa uzuri wake. Maji yalikuwa laini kama mafuta. Kijana alipiga kafi, kasia fupi lile la kushikwa kwa mikono miwili, bila kutoa sauti. Alimfundisha mwanangu majina ya ndege kwa Kidholuo, mengine hata mimi siyajui, mimi Mluo wa Kaloleni. Mnandi mweusi alikuwa amekaa juu ya mti uliozama. Kijana alisema mti huo ulikuwa nchi kavu hadi mwaka wa 2020, ziwa lilipofura kupita rekodi yake ya 1964 na kumeza vibanda vya ufuoni.

Tulikuwa tumeenda dakika hamsini aliposimamisha kafi na kutazama magharibi. "Mzee, turudi."

Nikatazama saa yangu. Hebu fikiria, ndugu msomaji: mtu wa maji anatazama mbingu, na mtu wa Kaloleni anatazama saa. "Bado dakika sabini, kijana," nikamwambia. "Nimelipia saa mbili."

Akaendelea. Angefanya nini? Pesa nilikuwa sijamlipa.

Mambo ya upepo ule si uchawi. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Mchana hewa ya nchi kavu hupanda juu na ile ya ziwani huja mbio kujaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Tangu enzi za matanga wavuvi wametoka alfajiri wakisukumwa na upepo wa nchi kavu na kurudishwa alasiri na wa ziwa. Kwa hivyo upepo uliotupata ungetuleta nyumbani vizuri tu, kama si gugumaji.

Mmea huo asili yake ni Amerika Kusini. Uliingia upande wa Kenya wa ziwa hili mnamo 1990, na kabla ya miaka ya tisini kwisha ulikuwa umeifunga ghuba yote hii hata meli zikashindwa kutia nanga. Wakaletwa fukusi wa kuula, ukapungua, ukarudi. Una maua mazuri ya zambarau. Asubuhi ile ulikuwa umejikunyata mbali, kama mkeka uliokunjwa. Sasa upepo ulikuwa umeukunjua na kuutandika kati yetu na ufuo.

Mawimbi yakaanza kutupiga mgongoni. Hayakuwa makubwa kama ya baharini. Ni mafupi, ya harakaharaka, na kila moja lilituachia kikombe cha maji ndani ya mashua. Binti yangu, bila kuambiwa na mtu, alishika kopo na kuanza kuyatoa. Mdogo wake alikuwa ameacha kuuliza majina ya ndege. Pua ya mashua ikaingia kwenye gugumaji na kushika. Kijana alisukuma kwa pondo, likazama na kurudi limebeba mizizi. Akatwambia tusipige kelele, maana viboko hupenda kujificha humo. Akanitupia kafi lililokuwa chini ya miguu yake. La yule mwenzake.

Nikaketi nilivyozoea Uhuru Park, mgongo mbele.

"Geuka, mzee," akasema. Bila ukali wowote. "Tazama tunakokwenda."

Nikageuka. Na huko nilikotazama nilimwona mwanangu mbele yangu, amekaa kwenye ubao, mashati mawili tu mwilini na hakuna koti. Nikafanya hesabu ambayo sikuifanya ufuoni. Makoti yangekuwa shilingi mia tatu. Miwa ya Awendo pekee, na sinema ya chipsi tuliyocheza Rongo, zilikula zaidi ya hapo. Mimi sijui kuogelea. Watoto wangu hawajui kuogelea.

Tulirudi nyuma kwanza, kinyume cha upepo, ili tujinasue, kisha tukafuata ukingo wa gugumaji tukitafuta mlango. Kijana aliimba hesabu kwa Kidholuo, moja, mbili, nami nikachovya. Nilikosea, nikammwagia binti yangu maji usoni, nikachovya tena. Ile robo saa ya kujinasua ilikuwa ndefu kuliko ndoa yangu. Ilipata saa kumi tulipogota kwenye ufuo mwingine kabisa, katikati ya akina mama walioanua omena. Mmoja alitutazama, akamsemesha kijana maneno machache makali ambayo nashukuru watoto hawakuyaelewa.

Mke wangu alikuja kwa bodaboda, viatu mkononi. Aliwashika watoto mmoja baada ya mwingine kichwani, kama anayehesabu. Mimi hakunigusa, wala hakuninenea.

Nilimpa kijana elfu mbili. Alizihesabu, akanishukuru, akasema inabidi angoje jioni upepo ulegee ndipo airudishe mashua, na tajiri atauliza. Nikaongeza mia tano. Sasa sikuwa na mdomo wa kuvutana.

Kwenye matatu ya kurudi tulikubaliana, mimi na watoto, kwamba hakuna haja ya kumtia bibi wasiwasi. Usiku tukaandaliwa ugali na mbuta wa kuchemsha. Viganja vyangu vilikuwa vimefura malengelenge, viwili vimepasuka, na ugali ulikuwa wa moto. Nikaomba kijiko.

Sauti ikatoka jikoni, ikimwendea binti yake. "Mbona mgeni wetu anakula ugali kwa kijiko?"

Mke wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Homa Bay.

"Baba alipiga kafi, dani," akasema kitinda mimba wetu, mdomo umejaa samaki. "Mchana."