Kung'arisha ni Kupunguza

Leo naomba mniruhusu niingie barazani kwa mlango wa karakana. Nitazungumzia rangi ya gari jeusi, mikwaruzo yake na namna ya kuurudisha mng'ao wake. Hata hivyo, nina deni la mstari mmoja wa shairi, na karakana ndiyo iliyonikumbusha deni hilo.

Nilipostaafu ualimu wa sekondari, sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kununua gari dogo aina ya Toyota, lililokwisha kutumika Japani, jeusi la kuiva. Sisi wa Musoma tuna ziwa upande mmoja na vumbi upande mwingine. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilitoka na kitambaa kikavu nikalipangusa gari lile kwa bidii ileile niliyoitumia kufuta ubao miaka yote ya kazi. Majirani walilisifu, nami nikajisifu. Lilipokuwa kivulini ungeweza kujitazama ndani yake na kuzihesabu mvi zako.

Mwezi Oktoba nilikwenda Butiama pamoja na mjukuu wangu, kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kijijini kwake hapo. Tulipotoka, jua la saa saba lilikuwa limesimama juu ya boneti. Mjukuu akalitazama gari, kisha akanitazama mimi.

"Babu, gari lako lina utando wa buibui."

Nikachukua kitambaa changu, nikapangusa. Utando haukutoka. Niliposogeza kichwa, nao ukasogea. Kila palipokuwa na taswira ya jua juu ya ile rangi nyeusi, nyuzi laini zililizunguka, duara ndani ya duara, mamia kwa mamia. Nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Juma lililofuata nilishika barabara ya Bunda, ambako mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani ana karakana ya rangi za magari kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba nimtaje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu sana." Alikuwa ameshainama kwenye boneti. "Mwalimu, huwa unalipangusa kwa kitambaa kikavu?"

"Kila siku," nikajibu, bado nikiwa na chembe ya fahari.

Akatikisa kichwa taratibu, kama nilivyokuwa nikitikisa mimi mwanafunzi alipokiri kwamba hakukisoma kitabu.

Akanieleza. Rangi ya gari si ngozi moja. Chini kabisa kuna bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote kuna tabaka angavu lisilo na rangi, mfano wa vanishi juu ya meza. Tabaka hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni baina ya maikroni 35 na 50, na milimita moja ina maikroni 1,000. Yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Vumbi letu ni chembe za mawe. Ukilipangusa likiwa kavu, unalisugua gari kwa msasa mwembamba sana, na kila asubuhi unaacha mistari ambayo jicho haliioni mpaka jua liimulike.

Nilimuuliza kwa nini mistari ile ni duara, ilhali mimi nilipangusa kwenda mbele na kurudi nyuma. Akacheka. Mikwaruzo haina umbo la duara. Imelala kila upande, mifupi na minyoofu. Ila ile tu iliyokingama na mwanga ndiyo inayourusha machoni mwetu, kwa hiyo tunaona duara likilizunguka jua. Magari meupe nayo yana mikwaruzo kama hiyo, lakini weupe huificha. Weusi hauna mahali pa kuificha.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya lugha. Kiswahili kina vitenzi vingi vya jambo hili: kukwaruza, kuparuza, kuchubua, kusugua, kupangusa. Kipo pia kukatua, yaani kukisugua chombo mpaka king'ae, ambacho ni jirani wa kukwatua, tunachokisikia mtu anapojikwatua akaenda harusini. Kwa ile mikwaruzo ya duara sikujua jina lolote, na fundi naye aliita "mistari" tu. Mjukuu wangu alilipata bila kulitafuta: utando wa buibui. Mwenye jina bora na alilete barazani.

Na msasa? Asili yake ni mti ambao majani yake hukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Leo magazeti yetu huandika kwamba walimu wamepigwa msasa, madiwani wamepigwa msasa, yaani wamepewa mafunzo. Mimi mwenyewe nimepigwa msasa mara nyingi, tangu chuo cha ualimu hadi semina za mwisho wa kazi, na siku zote nililisikia neno hilo kama sifa. Sikuwahi kujiuliza zile chembe zinazotoka katika mbao huenda wapi.

Kazi ikaanza. Gari likasogezwa kivulini, likaoshwa kwa ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi tena juu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia aliikataa. Kisha akapitisha donge la udongo laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo, gari likiwa bado limelowa, ili liyang'oe yaliyoganda na kukataa maji. Alipolikausha, akachagua sehemu ndogo ya boneti, kama shubiri mbili kwa mbili, akaijaribu kwanza.

"Mbona usianze na dawa kali, tumalize upesi?" nikauliza.

"Mwalimu, ukianza na kali huwezi kurudi nyuma. Ninaanza na ile laini. Ikishindwa, ndipo ninapanda daraja."

Akanifafanulia jambo ambalo sikulijua katika umri wangu wote. Nilidhani polishi huongeza kitu: kwamba mng'ao umo ndani ya kopo, nawe unaupaka. Kumbe ile dawa ina chembe ngumu za kusugulia, nazo hulichonga tabaka la juu mpaka lishuke kufikia kina cha mkwaruzo, na uso wote uwe sawa. Mkwaruzo haujazwi, kilichouzunguka ndicho kinachoondolewa. Kila mzunguko wa mashine huondoa kiasi, na dawa kali huweza kuondoa maikroni kadhaa kwa mara moja. Anayeng'arisha gari kila mwezi hulivua nguo taratibu, na tabaka lile likiisha, hakuna polishi itakayolirudisha. Ni kupaka rangi upya.

Zipo pia dawa za haraka, zenye nta na mafuta, ambazo huifunika mikwaruzo kwa muda. Mwenye gari huondoka amefurahi. Baada ya kuosha mara mbili tatu, utando umerudi. Ndiyo maana fundi mwaminifu akimaliza hupangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, aondoe mafuta yote, aone alichofanya kweli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Alipofika mlango wa kushoto alikuta mkwaruzo mmoja mrefu, ulioachwa na baiskeli sokoni. Akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama. "Huu tuuache," akasema. "Ni wa kina. Nikiufuata mpaka uishe, nitautoboa mlango rangi yake. Nitaulainisha kingo zake tu."

Nikasema, kwa mzaha, "Laiti ningekujua wewe nilipokuwa nasahihisha insha."

Akaizima mashine.

"Mwalimu, unalikumbuka shairi langu la kidato cha pili?"

Nililikumbuka. Ninyi nanyi mlijue. Mama yake alikuwa akianika dagaa mwaloni, pale Musoma. Nilikuwa nimewapa darasa kazi ya kutunga shairi la tarbia kuhusu mama. Kijana yule akaufungua ubeti wake hivi:

*Mama anuka dagaa, ili nami nikasome.*

Hesabuni mizani: nane kwa nane, imetimia. Lakini nilipolisoma neno "anuka" kalamu nyekundu iliruka yenyewe. Niliwafundisha, kama tulivyofundishwa, kwamba kunuka ni kwa uvundo na kunukia ni kwa manukato. Mtoto hawezi kusema mama yake ananuka. Nikaufuta. Juu yake nikaandika wangu:

*Mama wangu wa thamani, ua la moyoni mwangu.*

Huo nao ni nane kwa nane. Nilivyoendelea, beti zote nne zikapata maua, nuru na asali. Nikalibandika kwenye ubao wa matangazo, likasomwa mbele ya shule, wakapiga makofi. Kijana aliyatazama viatu vyake. Mimi niliita hiyo ni haya ya mtunzi chipukizi.

"Sikutunga tena baada ya pale," akasema, bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya kopo la rangi. "Lakini mama alipofariki, niliusema ule mstari makaburini. Ule wa kwanza."

Wasomaji wangu, nimesahihisha maelfu ya kazi. Watoto wa Mara huja darasani na Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu na lugha nyingine za nyumbani, na wajibu wangu ulikuwa kuwapa Kiswahili sanifu. Wajibu huo siujutii. Kosa la sarufi ni vumbi, na vumbi lazima lioshwe. Lakini "anuka" halikuwa kosa. Kijana alizijua tofauti za kunuka na kunukia vizuri kuliko mimi. Alilichagua lile gumu kwa sababu ndilo la kweli. Mama hakunukia. Alinuka dagaa, na harufu ile ndiyo iliyolipa ada ya shule. Mimi nililifuta vumbi ambalo halikuwapo, kwa kitambaa kikavu, na katika kufuta nikaliondoa tabaka lenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

Hakujibu haraka. Akachukua tochi juu ya meza, akanipa. "Mwalimu, nimulikie hapa mlangoni. Mwanga uje kwa ubavu." Nikamulika. Tukafanya kazi hivyo mpaka jua likaanza kuelekea ziwani, yeye akisugua, mimi nikishika tochi.

Jioni, nilipopita njia panda ya kwenda Butiama, niliifikiria kazi nyingine ya kung'arisha. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963 kwa jina la *Julius Caezar*. Hakuridhika. Akairudia, na mwaka 1969 ikatoka tena, imepitiwa upya, ikiitwa *Juliasi Kaizari*. Jina lenyewe lilivuliwa tahajia ya kigeni likabaki kama Mswahili analivyolitamka. Kwa hiyo sisemi tuache kusanifu. Nasema tujue tunachokiondoa. Yeye alikuwa akiisugua kazi ya mkono wake, na aliyajua maandishi yale yalivyokuwa tangu mwanzo. Mimi nilisugua ya mtoto, ambaye hakuwa na uwezo wa kunikataza.

Tangu siku ile, mtu akiniletea shairi nilitazame, na vijana bado huniletea, nalisoma kwanza mara mbili mikono ikiwa magotini. Kisha naanza na dawa laini: namuuliza mwenyewe alikusudia nini kwa neno hili. Mara nyingi huishia hapo. Neno likikwama kwenye ukucha, namuuliza tena, kisha naliacha mahali pake.

Gari sasa naliosha mara moja kwa juma, kwa ndoo mbili, kivulini. Siku nyingine lina vumbi na majirani wanaliona, waache waone. Linapokaa juani, jua linaonekana boneti kama jua, bila utando. Mkwaruzo wa mlango wa kushoto bado upo, nami nimeuzoea.

Fundi wangu ameniruhusu kuuandika mstari wake hapa, kwa sharti kwamba usibadilishwe hata herufi. Nimeuhakiki mara tatu. Ndivyo alivyouandika.