Mwalimu wa Gopalnagar na Reli ya Kisumu

Kila asubuhi pindo la dhoti yake lilikuwa limeganda mbegu za majani ya porini. Tuliokaa madawati ya mbele tulizihesabu wakati yeye akieleza somo. Mwalimu Bibhutibhushan Bandyopadhyay alikuja shuleni kwa miguu kutoka kijiji chao cha Barakpur, na barabara ilikuwapo, ila yeye alipenda kukatiza vichakani, kando ya mto Ichamati. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya 1940, katika shule ya Haripada, Gopalnagar, Bengali, karibu na mpaka ambao Waingereza walikuwa wametoka kuuchora na kuondoka.

Wazee wetu walijua kwamba mtu huyu ndiye mwandishi wa Pather Panchali, riwaya iliyotoka mwaka 1929 na kumpa jina kote Bengali. Sisi hayo hatukuyajali. Riwaya ya kijana maskini wa kijijini ingetuambia nini, sisi tuliokuwa haohao vijana maskini wa kijijini? Tulichogombania ni Chander Pahar, kitabu alichowaandikia vijana mwaka 1937. Nakala yetu ilikuwa moja, imeng'oka jalada, inazunguka nyumba kwa nyumba. Shankar, mtoto wa kijiji kama chetu, anaponea chupuchupu kuajiriwa katika kiwanda cha juti na kwenda zake Afrika Mashariki, kuwa karani wa reli ya Uganda. Simba wanabeba vibarua usiku. Baadaye anakuwa mkuu wa kituo cha upwekeni upande wa Kisumu, na usiku mmoja anamulika taa ya mkononi machoni mwa koboko, hathubutu kutikisika.

Kisumu! Tulilitamka jina hilo kama watu wengine wanavyotamka Makka au Banaras. Na kila mmoja wetu alijua kwamba Mwalimu hakuwahi kukanyaga Afrika. Wala hakuficha: katika dibaji anawataja wasafiri aliowasoma, akiwemo Harry Johnston.

Alikufa tarehe 1 Novemba 1950, kwa moyo, huko Ghatshila, akiwa na miaka 56. Mtoto wake wa kiume alikuwa bado mdogo wa miaka mitatu. Mwaka uliofuata riwaya yake Ichamati ilipewa Tuzo ya Rabindra, yeye hayupo. Filamu ya Satyajit Ray iliyoipeleka Pather Panchali duniani ikaja mwaka 1955. Mwalimu mwenyewe aliishia kuwa mwalimu, mwenye mshahara wa mwalimu.

Mimi nilifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mkataba wa kufundisha hisabati. Sitadanganya kwamba kilichonileta ni mshahara peke yake. Gari moshi la Nairobi liliondoka jioni, kwa hiyo Tsavo tuliipita gizani, nami nimebandika uso dirishani kama mtoto. Sikuona simba hata mmoja. Nilipoteremka Kisumu hatimaye, nilikuta mashamba ya miwa, duka la Mgujarati anayeongea Kijaluo vizuri kuliko mimi nilivyoongea Kiingereza, na kina mama wanaouza ngege sokoni kwa kelele.

Hapo ndipo nilipoanza kukisoma upya kitabu cha Mwalimu, na miaka yangu ya kuishi huku imenipa maoni ambayo Wabengali wenzangu hawayapendi. Upweke wa karani wa Kihindi aliuandika barabara. Watu kama yule walikuwapo kweli: vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 walifia kazini. Lakini wenye nchi wako wapi? Hadithi inaanza mwaka 1909. Miaka minne tu kabla ya hapo, Wanandi, waliopigana na Waingereza kwa muongo mzima, walikuwa wameuliwa kiongozi wao Koitalel arap Samoei kwa hila, akienda kwenye mazungumzo ya amani. Hayo hayamo. Mwafrika katika Chander Pahar ni mpagazi au mtu wa kupita tu. Nyika imejaa wanyama, watu hakuna.

Kilinganishe kitabu hicho na Aranyak, riwaya yake ya mwaka 1939. Miaka ya 1920 Mwalimu alisimamia mashamba ya tajiri mmoja huko Bhagalpur, na kazi yenyewe ilikuwa kukodisha msitu ukatwe. Wale aliowaona wakipoteza msitu ule anawaandika mmojammoja, kwa njaa yao, ngoma zao na aibu yake yeye karani aliyeshika daftari. Tofauti ya vitabu viwili hivyo ni miguu. Bhagalpur alitembea, Kisumu aliisoma kwa Waingereza, na Waingereza hawakumwonyesha watu.

Vijana wa Bengali wanakisoma Chander Pahar mpaka leo, na mimi bado nakipenda. Ila hukumu yangu haitoshi, kwa kuwa nami nilikuja kama mgeni. Ningependa msomaji wa Kisumu, au wa Kapsabet kwa Wanandi, akitafute, akisome hadi mwisho, kisha aandike maoni yake bila kumwonea Mwalimu wangu haya.