Kete za Kizimkazi na namba isiyogawika

Wadau, leo mnivumilie, siandiki siasa wala pomboo. Juzi nilikuwa Kizimkazi kikazi. Kazi ikaisha mapema, nikakaa kivulini Dimbani kuwatazama wazee wakicheza bao. Bao lina mashimo 32, si ndiyo? Nikaanza kuhesabu kichwani: shimo la kwanza tia kete 1, la pili 2, la tatu 4, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukijaza la 31, jumla ya kete zote ni 2,147,483,647.

Namba hiyo ni tasa. Haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jaza na shimo la 32, uzuri wote umekwisha: jumla sasa inagawika kwa 3, kwa 5, hata kwa 17. Wala msidhani kila shimo lenye namba tasa linatoa jumla tasa. Ishia la 11, unapata 2,047, yaani 23 mara 89. Nilipomweleza mzee mmoja pale akacheka sana: "Mwanangu, hizo kete zako zingekuwa samaki, wavuvi wangepigana."

Aliyethibitisha utasa wake ni Leonhard Euler, mwaka 1772 huko St Petersburg, macho yakiwa karibu yamekwisha. Kwa njia ya kawaida angejaribu maelfu ya namba tasa, hadi 46,340. Yeye akaonyesha kwamba kigawanyo chake chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zikasalia chache, akazimaliza. (Namba tasa ya aina hiyo hiyo iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Shimo la 136,279,841, jamani!)

Lakini inayonikosesha usingizi ni ile ndogo ya Euler. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32. Biti moja hutunza alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31. Mashimo yale yale! Zitajaa 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itajiona iko Desemba 1901. Mashine mpya hutumia biti 64, hazina neno. Hofu yangu ni zile kuukuu. Msikiti wa Dimbani tarehe yake imechongwa kwenye jiwe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado inasomeka.

Niliuliza ofisi moja mjini inayotunza kumbukumbu za watu kama mitambo yao imekaguliwa. Nikajibiwa 2038 bado mbali. Mbali? Chukua leo mkopo wa nyumba wa miaka 15, rejesho la mwisho liko ng'ambo ya asubuhi hiyo.